Umeme hafifu Malindi: pima kwanza, stabilaiza baadaye

Joto la kaskazi likishakaza, kati ya Desemba na Machi, simu yangu huwa hailali baada ya Isha. "Fundi, taa zimekuwa koroboi." "Friza inanguruma lakini maji hayagandi." "Feni inajivuta." Na karibu kila anayepiga ama ametoka dukani na stabilaiza, mashine ya kusawazisha volti, ama yumo kwenye tuktuk anaifuata. Swali langu kwake ni moja tu: volti ngapi? Hapo ndipo simu inapokuwa kimya.

Multimita ya kawaida, kile kifaa cha kupimia umeme, haifikii hata robo ya bei ya stabilaiza ya friza. Kama hujawahi kuishika, mwombe fundi akuonyeshe mara moja: iwekwe kwenye volti za AC, vidole vikae kwenye plastiki, miguuni kuwe na kiatu kikavu. Umeme wa nyumbani Kenya ni volti 240 kwa fezi moja (fezi ni waya unaoleta umeme), na 415 kati ya fezi na fezi. Ukiona namba inacheza kati ya 225 na 255, mimi silalamiki. Chini ya 210 mota za friji na pampu zinaanza kuumia. Juu ya 260, chomoa vitu kwanza ndipo upige simu.

Pima mara nne na uandike. Adhuhuri, kila kitu kikiwa kimezimwa. Adhuhuri hiyo hiyo, birika la kilowati mbili likiwa linachemka. Kisha rudia yote mawili saa mbili usiku. Pima kwenye soketi iliyo karibu kabisa na mita. Karibu kila dalili iliyo hapa chini inaamuliwa na namba hizo nne.

Taa zinafifia nikiwasha kitu changu mwenyewe

Hii ndiyo inayoongoza, na watu wengi huitupia lawama laini ya mtaani bure. Alama yake ni kwamba volti zinaanguka wewe ukiwasha birika au pasi, huku taa za jirani mliye naye nguzo moja hazitikisiki.

Birika la kilowati mbili linavuta ampea 8 hivi. Laini isiyo na kasoro ikipoteza volti tatu au nne birika likiwashwa, hilo ni jambo la kawaida. Ukipoteza 20, kuna mahali penye ukinzani mkubwa, na mahali hapo panapika: volti 20 mara ampea 8 ni wati 160 za joto, pengine ndani ya jointi isiyozidi ukubwa wa kidole gumba. Moto wa nyumba huanza hivyo hivyo.

Sababu, kuanzia inayotokea zaidi:

Jointi iliyolegea au iliyoliwa na chumvi. Kwetu pwani hii peke yake ingeweza kunilisha mwaka mzima. Waya unaotoka nguzoni ni alumini, wa nyumbani ni shaba. Madini haya mawili yakigusana moja kwa moja penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa, hubaki unga mweupe, na upande wa shaba huota kijani. Bibi mmoja wa Maweni anayeuza barafu na juisi ya ukwaju alinipokea mlangoni akiwa ameshakata tamaa. "Marahaba, mwanangu. Nimenunua mashine mbili za kupandisha umeme na barafu bado ni maji." Nikamwomba tuzizime zote mbili. Akaniangalia kama nimemtukana. Kila kitu kikiwa kimezimwa, volti 234. Friza na birika zikiwashwa, 203. Volti 31 zilikuwa zimepotea, na taa za jirani zilitulia tuli. Tatizo basi lilikuwa kati ya nguzo na mita yake, kwenye bano la ukutani ambako waya wa alumini ulikutana na wa shaba, umesokotwa kwa mkono na kufungwa tepu. Sehemu hiyo, kabla ya mita, si yangu kuigusa wala si yake, kwa hiyo tuliwaita wenyewe, Kenya Power. Wakaweka kiunganishi maalumu cha alumini kwa shaba, wakakibana kwa mashine. Volti zikasimama 231 friza ikifanya kazi. Stabilaiza moja aliiuza. Ya pili ndiyo anayowekea redio juu mpaka leo.

Kebo nyembamba iliyovutwa mbali. Mtu ana chumba cha nyuma au kibanda cha pampu kule mwisho wa shamba, anavuta kebo ya shaba ya milimita mraba 1.5 kwa mita 60. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 120: ukinzani wake ni karibu omu 1.4. Pampu ikivuta ampea 13, volti 18 zinapotea njiani, na wati zaidi ya 230 zinapasha joto mchanga bure. Weka kebo ya milimita 2.5, upotevu unashuka hadi volti 11 hivi na wati 140. Weka ya milimita 6, ni volti nne na nusu na wati chini ya 60. Tokeni unazolipia hazijui kwamba huo umeme uliishia kwenye kebo.

Skrubu zilizolegea ndani ya kisanduku cha breka. Zima swichi kuu, fungua, kaza, angalia plastiki iliyoungua au kubadilika rangi. Kumbuka kwamba swichi kuu ikizimwa, nyaya zinazoingia kwenye swichi hiyo kutoka kwenye mita bado ziko hai. Ukiona weusi au ukanusa plastiki iliyoungua, funga kisanduku umwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Usikaze skrubu iliyoungua kisha ukaendelea na maisha. Ilishapoteza ugumu wake na italegea tena.

Iliyo nadra: breka au mita yenyewe imechoka ndani.

Taa zinafifia kuanzia magharibi hata kama sijawasha chochote

Namba zako zitakuwa hivi: adhuhuri 236, usiku 198, na kuwasha birika hakubadilishi sana. Hapo nyumba yako haina hatia.

Sababu ya kwanza ni laini ndefu ya fezi moja iliyobeba watu wengi. Mitaa inapanuka kuelekea Kakuyuni na Ganda, nyumba mpya zinaungwa mwisho wa laini iliyokuwepo, na transfoma inabaki pale pale ilipokuwa. Chukua waya wa alumini wa milimita mraba 50, mita 600 kutoka kwenye transfoma, ampea 60 za jioni zikiwa zimerundikana mwisho. Zinapotea volti 40 hivi njiani. Wa mwanzo wa laini anaona 240, wa mwisho anaona 200, na wote wanalipa bei ile ile.

Sasa gawa mzigo huo huo kwenye fezi tatu, ampea 20 kila moja. Mizigo ikilingana, mikondo inafutana kwenye waya wa nyutro, ule wa kurudishia umeme, na hakuna cha kulipia safari ya kurudi. Upotevu unashuka kutoka volti 40 hadi karibu 7, na joto linalopotea kwenye nyaya kutoka wati 2,400 hivi hadi 400. Hakuna stabilaiza duniani inayofanya kazi hiyo. Kwa hiyo mkienda kulalamika nendeni mtaa mzima, na karatasi ya vipimo vya saa mbili usiku vya wiki nzima, vya nyumba ya kwanza na ya mwisho. Ombeni fezi zigawanywe au transfoma isogezwe. Kundi lenye namba husikilizwa kuliko mtu mmoja mwenye hasira.

Sababu ya pili haipendwi kusikika: stabilaiza zenyewe. Stabilaiza haitengenezi umeme. Friza ikitaka kilowati moja na laini ina volti 190, stabilaiza inavuta zaidi ya ampea 5 badala ya 4 ili itoe 240. Mkondo huo wa ziada unazidi kuishusha laini, jirani naye anaona 185, anakwenda dukani. Mota nazo zina tabia hiyo hiyo: volti zikishuka, zinavuta mkondo zaidi ili kubeba mzigo ule ule. Wahandisi wa gridi wanaiogopa tabia hii kuliko kitu chochote, maana kwenye nyaya kubwa ikivuka kiwango fulani, volti hazishuki tena polepole, zinaporomoka.

Kama una dawa za sukari kwenye friji na huwezi kungoja, nunua stabilaiza ya friji hiyo peke yake. Usinunue ya nyumba nzima.

Sababu ya tatu ni transfoma ambayo kitufe chake cha ngazi za volti kiliwekwa chini. Ni kazi ya dakika chache kwa mwenye ruhusa. Kwa asiye na ruhusa, ni kifo.

Nyumba nyingine taa zinameremeta kupita kiasi, nyingine zinazimia

Acha kusoma kama hili linatokea sasa hivi. Zima swichi kuu. Waambie majirani wazime zao. Piga 97771, namba ya dharura ya Kenya Power.

Waya wa nyutro umekatika au umelegea kwenye laini ya fezi tatu. Nyutro ndiyo inayoishikilia kila fezi kwenye 240 yake. Ikiondoka, nyumba za fezi tofauti zinajikuta zimeungwa mfululizo kati ya volti 415, na zinagawana kwa fujo: mwenye mzigo mkubwa anapata 120, mwenye taa mbili tu anapata 290 au zaidi. Televisheni na chaja hufa kwa sekunde. Kwenye nyumba ambayo athi, waya wa kwenda ardhini, imeunganishwa na nyutro, mabati na bomba vinaweza kushika umeme.

Dalili ya mapema ni ndogo, na wengi huipuuza: ukiwasha pasi, taa iliyo kwenye fezi nyingine, ya jirani au ya chumba kingine kama nyumba ina fezi tatu, inazidi kung'aa badala ya kutulia. Kwenye umeme wa kawaida, kuwasha kitu hakuwezi kupandisha mwanga. Ukiona hivyo hata mara moja, usingoje ya pili. Na usikubali fundi yeyote, mimi nikiwemo, akuambie atapanda nguzo aifunge "kwa muda".

Balbu zinaungua ovyo, usiku wa manane volti ziko 258

Watu hushangaa kwamba laini ndefu inaweza kutoa volti nyingi kuliko zilizoingia. Inaweza, na sisi tuko kwenye laini ya aina hiyo. Umeme mkubwa unatufikia kwa njia ya kilovolti 220 inayotoka Rabai, inapita Malindi, inakwenda Garsen na kuishia Lamu, zaidi ya kilomita 300. Kilovolti 220 zilichaguliwa kwa sababu nzuri. Megawati 20 kwa kilovolti 33 ni ampea 350. Kwa kilovolti 220 ni ampea 52 tu, na kwa kuwa upotevu unafuata mkondo mara mkondo, waya ule ule unapoteza mara 44 pungufu.

Lakini waya mrefu ulioning'inia juu ya ardhi ni kapasita kubwa, yaani kitu kinachohifadhi chaji ya umeme. Watu wakilala, hoteli zikizima viyoyozi, laini inabaki karibu tupu, na volti za mwisho wake hupanda kuliko za mwanzo. Kwa urefu kama huu, bila cha kuizuia, ni asilimia sita hivi. Wahandisi wanaiita athari ya Ferranti. Dawa yake ni riakta, koili kubwa zinazofyonza ziada hiyo, pamoja na transfoma za sabstesheni, vituo vya kushushia volti, zinazobadilisha ngazi zenyewe. Upande wako, ikifika 255 usiku na kurudi 238 asubuhi, ishi nayo na ununue balbu zilizoandikwa hadi 265. Ikidumu juu ya 260 hata mchana, ripoti.

Kwa wenye sola iliyoungwa na gridi, hoteli hasa: inveta, mashine inayogeuza umeme wa sola kuwa wa AC, ikijizima saa sita jua kali, angalia kwanza kebo kati ya inveta na ubao mkuu. Inveta inasukuma umeme nje, na ili usukumike lazima volti zake ziwe juu ya za laini. Kebo nyembamba inailazimisha kupanda hadi inajizima yenyewe. Nimebadilisha kebo mahali pawili na tatizo likaisha, wakati mwenyeji alikuwa anadai inveta mpya.

Pampu au friza ya biashara inanguruma bila kuanza

Pima volti wakati inajaribu kuanza. Mota ikianza inavuta mara tano hadi saba ya mkondo wake wa kawaida, kwa hiyo laini inayoonekana nzuri kwenye 225 inaweza kuanguka 180 kwa nusu sekunde hiyo.

Anza na kapasita ya mota: ikivimba au kuvuja, badilisha kwa namba ile ile. Kapasita huhifadhi umeme hata baada ya kuchomoa. Usiiguse miguu yake kabla fundi hajaitoa chaji. Kisha kebo, kama nilivyoeleza. Kisha beringi zilizokwama, ambazo kwa pampu za maji ya chumvi hazichukui muda kukwama.

Mota ikinguruma zaidi ya sekunde kumi bila kuzunguka, zima. Koili zake zinaungua.

Wenye mitambo ya barafu, visima vikubwa na maghala ya samaki wana jambo lao jingine: pawa fakta. Mota huvuta mkondo wa kazi na mkondo wa kujenga sumaku. Huu wa pili hauzungushi kitu, lakini unapita kwenye nyaya zile zile na kuzipasha joto. Pawa fakta huonyesha ni sehemu gani ya mkondo wote inafanya kazi; 1 ndiyo bora. Mtambo wa kilowati 40 wenye pawa fakta ya 0.7 unavuta ampea karibu 80 kwa kila fezi. Ukifungiwa kapasita za kilovari 28 hivi (kilovari ndicho kipimo cha umeme huo wa sumaku), inapanda hadi 0.95 na mkondo unashuka hadi chini ya 59. Upotevu kwenye kebo yako unapungua kwa karibu nusu, volti za mwisho zinapanda, na bili haina tena ile faini ya kuwa chini ya 0.9. Kapasita zijiwashe na kuzima kwa mzigo. Zikiachwa zimeungwa usiku mota zikiwa zimelala, zitapandisha volti na utarudi kwenye dalili iliyotangulia. Kazi hii si ya fundi wa nyumba.

Mji mzima umefifia, kisha giza

Chomoa vitu, acha taa moja ikiwa imewashwa, ikuarifu umeme ukirudi. Hakuna unachoweza kupima kitakachosaidia. Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma kwenye kituo cha Gitaru, kwenye mto Tana, na nchi nzima ikazimika, kwa sababu mitambo iliyobaki ilibebeshwa mzigo wa iliyotoka nayo ikajitoa. Megawati 40 za sola zilizoko Langobaya, hapa Malindi, zinapunguza mchana safari ya umeme kutoka mbali, lakini jioni saa moja, wakati sote tunawasha, jua limeshazama.

Ukiwasha jenereta, hakikisha kuna swichi ya kubadilisha inayokutenga kabisa na laini. Bila hiyo, volti zako 240 zinarudi kwenye transfoma kinyumenyume na kutoka upande wa pili zikiwa maelfu, zikimkuta kijana aliye juu ya nguzo anayeamini laini imekufa.

Umeme unapotea sekunde mbili, unarudi, unapotea tena

Hiyo ni swichi ya laini inayojaribu kujiunga yenyewe baada ya hitilafu. Hujaribu mara kadhaa, ikishindwa inakata umeme kabisa. Sababu kubwa ni makuti na matawi ya miembe yanayogusa waya, kisha kunguru, kisha chumvi kwenye vikombe vya nguzo, vile vinavyoshikilia waya usiguse nguzo. Usikwee mnazi ulio karibu na waya kukata kuti, hata kama ni mnazi wako. Ripoti. Waya ukianguka chini, kaa mbali mita kumi na uwazuie watoto, hata kama hautoi cheche. Mchanga mbichi unapitisha umeme.

Friji ifungie kinga ya kuchelewesha, iwe inangoja dakika tatu hivi kabla ya kupokea umeme tena. Kompresa inayoanzishwa mara tatu ndani ya dakika moja haimalizi mwaka.

Chumvi ina msimu wake. Miezi yote ya kiangazi inajikusanya kwenye vikombe, hasa kuanzia Mambrui hadi Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, na ikiwa kavu haina madhara. Siku ya hatari ni ya manyunyu ya kwanza, yale yasiyotosha hata kulowesha kanzu: yanaiyeyusha chumvi bila kuiosha, na usiku ule utasikia nguzo zinachacharika na kuona mwanga wa zambarau juu ya vikombe. Hakuna la kufanya nyumbani zaidi ya kuchomoa vitu na kuripoti namba ya nguzo. Masika ikishanyesha ya kweli siku mbili tatu, vikombe vinakuwa safi na nguzo zinanyamaza zenyewe.